Nyuma ya Jukwaa la Taarab: Maandalizi, Majukumu na Nafasi ya Mtunzi

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi hukusanya nyimbo za taarab kwa kunakili maneno, kuhesabu vina na mizani, kisha kufafanua mafumbo. Utaratibu huu una manufaa, lakini huwaacha nje watu wengi wanaoufanya wimbo usikike. Makala haya yanachunguza jinsi onyesho la taarab linavyoandaliwa katika harusi za Mombasa na kubainisha majukumu ya wahusika wake. Hoja inayotetewa ni kwamba mtunzi wa shairi, ambaye ndiye chanzo cha wimbo, ndiye husahaulika upesi kuliko wote.

Maandalizi

Onyesho huanzia kwa mwenye shughuli, yaani familia ya bwana au bibi harusi. Yeye humwendea kiongozi wa kikundi, wakapatana siku, ujira na muda wa kupiga, kisha hutoa arubuni. Kiongozi huwaarifu wapigaji, husimamia mazoezi na kuchagua nyimbo zinazoifaa hadhira. Mwenye shughuli hubaki na mzigo wa uwanja, viti, jukwaa na chakula cha wasanii. Muziki unapokuwa wa kelele nyingi, kibali pia huhitajika kwa mujibu wa kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2009. Fundi wa mitambo hufika mapema kufunga vipaza sauti na kupima sauti ya kila ala. Udi ni ala ya sauti nyororo. Usipopewa kipaza sauti chake, humezwa na kinanda na ngoma.

Jukwaani

Onyesho linapoanza, mshereheshaji huwakaribisha wageni na kuwatambulisha wasanii. Mwimbaji hubeba beti, waitikiaji hupokea kiitikio, nao wapigaji hujaza nafasi kati ya ubeti na ubeti. Hadhira nayo ina jukumu lake. Msikilizaji aliyeguswa huinuka na kumtunza mwimbaji pesa, na mwimbaji aliyetunzwa huweza kuurudia ubeti uliopendwa, ala zikamfuata. Aidha, mtu huweza kuinuka kutunza katika ubeti fulani kwa kumkusudia hasimu wake aliyeketi pale pale. Hivyo basi, urefu wa wimbo, na hata maana ya fumbo, haviwezi kujulikana kwa kusoma maneno pekee.

Nafasi ya Mtunzi

Mwimbaji mara nyingi si mtunzi. Mfano mashuhuri ni Juma Bhalo (1942–2014), aliyeimba mashairi mengi ya jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo. Jina la Ahmad Nassir halikupotea, kwani alikuwa na diwani yake, Malenga wa Mvita, iliyochapishwa mwaka 1971. Swali ni je, wale wasiokuwa na diwani?

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Katika taarab, pete huvikwa chanda kinachoonekana. Tuzo huangukia mikononi mwa mwimbaji, na mgao wake hutegemea mapatano ya kikundi. Mtunzi huenda hayupo hata uwanjani. Wimbo ukinaswa katika kanda, ukasambaa mitaani, hujulikana kwa jina la aliyeuimba. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda kazi ya fasihi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo, ni vigumu kwa sheria kumfaa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Hitimisho

Imebainika kwamba onyesho la taarab ni kazi ya wengi, na kila jukumu huacha alama katika wimbo. Mtafiti anapaswa kunakili, pamoja na maneno, jina la mtunzi, mwimbaji na kikundi, tukio, mahali na tarehe, na namna hadhira ilivyoupokea wimbo. La kwanza kuulizwa liwe jina la mtunzi, wakati ambapo wanaolijua wangali hai. Kuandika “wimbo wa jadi” chini ya shairi ambalo mwenyewe yu hai mtaa wa pili si kosa dogo la utafiti, bali ni kumpokonya mtu haki yake kwa kalamu.