SOMO: TUWASIKIE NA WA NG'AMBO

Soma: Yoshua 22:10-34

Sisi tunaokaa hapa Rwimbogo tunaishi kwa habari. Redio ikitangaza jioni kwamba "watu wa kabila fulani" wamechoma kijiji kule Uvira, asubuhi bombani jirani hamsalimu jirani yake. Yeye hakuchoma kitu. Alilala hapa pamoja nasi.

1. Habari ya upande mmoja
Makabila ya ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa. Waisraeli wengine waliposikia, walikusanyika Shilo ili waende kupigana nao. Angalieni: habari ilikuwa ya kweli, madhabahu ilikuwepo. Lakini wajenzi walikuwa hawajaulizwa sababu.

2. Kuuliza kuliokoa watu
Walitumwa kuhani Finehasi na wakuu kumi. Walifika na mashtaka makali, lakini walisikiliza. Wakajibiwa kwamba madhabahu si ya sadaka, bali ni ushahidi kwamba na wao ni watu wa Bwana. Wajumbe walirudi wakaeleza jibu lile kama lilivyo, na vita haikupiganwa. Mtangazaji wa haki hufanya hivyo: huvuka mto, huuliza, hurudi na maneno ya pande zote mbili.

3. Pasipo haki, habari huua
Nchi hii inajua. Redio RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, iliita kabila zima adui na kutaja watu kwa majina. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo, haikuwafutia hatia yote. Hao hawakuhukumiwa kwa kushika panga. Sehemu ya hatia yao ilikuwa ni maneno.

4. Na sisi je?
Sisi nasi ni watangazaji, kwa simu na kwa midomo. Kabla ya kupeleka habari mbele, tuulize:
- Nani aliona kwa macho yake?
- Wanaosemwa wamepewa nafasi ya kujibu?
- Kosa la wachache limewekwa juu ya wote?

Maswali ya kujadili nyumbani
a) Ni habari gani iliyokufanya umwogope jirani? Ulimwuliza?
b) Watoto wetu wanasikia nini tunapozima redio?

Tuombe: Bwana, utupe masikio mawili na ulimi wa polepole. Amina.