Mashine Isiyo na Mwenyewe: Elimu kwa Wanaoendesha Mitambo Iliyounganishwa na Intaneti

Kengele ya Aliquippa

Jumamosi, tarehe 25 Novemba 2023, kengele ya hatari ililia katika kituo kidogo cha kuongeza presha ya maji. Kituo hicho ni cha mamlaka ya maji ya mji wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, Marekani, na huhudumia maeneo mawili ya jirani, Raccoon na Potter. Skrini ya kidhibiti ilikuwa na ujumbe wa kisiasa wa kundi lijiitalo CyberAv3ngers, ambalo serikali ya Marekani ililihusisha na Jeshi la Walinzi wa Mapinduzi la Iran. Ujumbe ulisema kila kifaa kilichotengenezwa Israel ni halali yao kukishambulia, na kidhibiti kile kilikuwa cha kampuni ya Unitronics ya Israel. Mafundi walikitoa kwenye mtandao, wakaendesha pampu kwa mkono. Maji yaliyowafikia watu yalibaki salama.

Siku chache baadaye, pembeni kabisa mwa Ireland, katika eneo la Erris, mradi mdogo wa maji wa wanakijiji ulipatwa na jambo kama hilo. Huko hali ilikuwa mbaya zaidi: kaya zaidi ya 150 zilikaa takriban siku mbili bila maji.

Ni rahisi kudhani wavamizi hawa walikuwa na vipaji visivyo vya kawaida. Ukweli unauma zaidi. Vidhibiti vya aina ile vilitoka kiwandani vikiwa na neno la siri 1111, na wataalamu wa serikali ya Marekani walieleza kwamba yaelekea wavamizi walipita kwenye vile vilivyoachwa na neno hilohilo, au visivyo na neno la siri kabisa, huku vikifikiwa moja kwa moja kupitia intaneti. Hesabu iliyotolewa baadaye ilitaja angalau vifaa 75 vilivyovamiwa, na 34 kati ya hivyo vilikuwa kwenye huduma za maji safi na majitaka za Marekani. Mlango ulikuwa wazi. Aliyeingia hakuhitaji kuvunja kitu.

Kifaa hiki ni cha nani?

Kwa nini 1111 ilibaki pale? Sisi tunaoandika kijitabu hiki hatuamini kwamba sababu ni uvivu wa mafundi. Tumeona mara nyingi jinsi jambo hili linavyotokea, nawe huenda umeliona mahali pako pa kazi.

Mkandarasi anakuja kufunga pampu mpya. Ndani ya kabati la umeme anaweka kidhibiti, ile kompyuta ndogo ya kiwandani ambayo mafundi huiita PLC, inayopokea taarifa za vihisi na kuamua pampu ipi iwake na vali ipi ifungwe. Kando yake anachomeka modemu yenye laini ya simu, ili hitilafu ikitokea airekebishe akiwa ofisini kwake bila kusafiri kilomita 200. Kazi inakaguliwa, maji yanatoka, mkandarasi analipwa na kuondoka. Modemu inabaki. Laini inaendelea kuwekewa bando kila mwezi na mhasibu ambaye hajawahi kuambiwa inatumika wapi.

Fundi umeme anakijua kisanduku kile kwa waya na fyuzi zake. Neno la siri kwake ni jambo la watu wa TEHAMA. Mtu wa TEHAMA naye ana orodha ya kompyuta za ofisini, printa na barua pepe. Kisanduku hakimo kwenye orodha hiyo, na hata akikiona anaogopa kukigusa, kwa sababu ameambiwa kikizimika uzalishaji utasimama. Wote wawili ni waaminifu katika kazi yao. Kati yao kuna kifaa chenye uwezo wa kukata maji ya wilaya nzima, nacho hakina mwenyewe.

Hofu ya mtu wa TEHAMA ina msingi, na hatutaki meneja aidharau. Kompyuta ya karani ikijizima ili kupokea masahihisho ya programu, karani atakunywa chai na kusubiri. Kidhibiti cha boila hakiwezi kuzimwa namna hiyo saa nne asubuhi. Tena kompyuta ya ofisini hubadilishwa baada ya miaka michache, wakati mtambo wa kusaga miwa au jenereta kubwa hununuliwa ili udumu miaka 20 au 30, na kompyuta inayouongoza huzeeka nao. Ndiyo maana bado utakuta Windows 7 katika vyumba vya mitambo, ingawa kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea masahihisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020. Utakuta hata Windows XP, iliyoachwa tangu Aprili 2014. Kubadilisha vifaa hivi vyote kwa siku moja haiwezekani. Kinachowezekana ni kuvifungia mahali ambapo intaneti haivioni, na kupanga masahihisho yafanyike wakati kiwanda kimesimama kwa matengenezo ya mwaka, fundi na mtu wa TEHAMA wakiwa wamesimama pamoja mbele ya kabati.

“Sisi wadogo, nani atatujua?”

Hili ndilo jibu tunalolisikia kuliko mengine yote, na ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote. Wanakijiji wa Erris hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Mvamizi wa siku hizi hachagui mji kwanza, anatafuta aina ya kifaa. Tangu 2009 kuna mtambo wa kutafutia uitwao Shodan. Badala ya kutafuta kurasa za habari, unatafuta vifaa vilivyounganishwa: kamera, mita, vidhibiti, inveta za umeme wa jua. Ukiandika jina la kifaa, unapewa orodha ya vinavyoonekana duniani kote, pamoja na nchi vilipo. Watafiti huutumia kuwaonya wenye vifaa. Wavamizi wanaweza kusoma orodha hiyohiyo.

Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na rauta kwa maelfu mengi. Ilibeba orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, yapatayo sitini tu, ikayajaribu kwenye kila kifaa ilichokikuta. Hakuna binadamu aliyekaa kuchagua kamera ya duka gani itekwe.

Lugha isiyopiga hodi

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo watu wa TEHAMA wanaokuja kwenye mitambo kwa mara ya kwanza hushangaa kulisikia. Vidhibiti vingi huzungumza na vihisi na pampu kwa lugha iitwayo Modbus, iliyobuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Wakati huo waya ulitoka kabati moja hadi jingine ndani ya jengo moja, na aliyetaka kutoa amri alipaswa kwanza kupita getini kwa mlinzi. Kwa hiyo waliobuni lugha hiyo hawakuweka njia ya kuuliza “nani wewe?”. Amri ikifika ikisema “zima pampu ya tatu”, kifaa kinazima pampu ya tatu. Hakijui hodi, hakijui karibu.

Lugha hiyo ilifaa sana kwa mahali pake, na inafaa mpaka leo ndani ya kuta. Tatizo lilianza tulipoibeba kama ilivyo na kuiweka kwenye intaneti, ambako hakuna geti. Neno zuri la siri kwenye skrini halitoshi kuilinda, kwa sababu anayeijua Modbus anaweza kuzungumza na kifaa bila kuigusa skrini. Dawa yake ni kujenga ukuta nje. Mtandao wa mitambo utengwe na ule wa ofisi kwa fayawoli, na anayehitaji kuingia kutoka mbali apite kwenye njia moja iliyofichwa, yaani VPN, yenye neno la siri na uthibitisho wa pili, kama vile namba inayoletwa na programu ya simu. Kama lazima utumie laini ya simu, iombe kampuni ya simu laini isiyoonekana kwenye intaneti ya wazi. Huduma hiyo ipo, ila wengi hawaiombi.

Ulinzi mwingine hauhitaji hata mtaalamu wa mtandao. Mwaka 2017, katika kiwanda cha petrokemikali nchini Saudi Arabia, wavamizi walifikia vidhibiti vya usalama, vile ambavyo kazi yake ni kuzima mtambo kabla haujalipuka. Vidhibiti hivyo vina swichi ya ufunguo wa chuma: upande mmoja ni wa kuendesha, upande mwingine ni wa kuandika programu mpya. Ufunguo ulikuwa umeachwa upande wa kuandika, na hapo wavamizi walipata nafasi. Kwa bahati kosa la programu yao lilizima mtambo, na uchunguzi ukaanza. Kama PLC yako ina ufunguo wa namna hiyo, nenda leo ukautazame uko upande gani. Uurudishe upande wa kuendesha, uuchomoe, uukabidhi kwa msimamizi wa zamu kwa saini.

Anza na daftari

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kununua programu yoyote ya ulinzi, chukua daftari la kawaida na uzunguke kituo chote, fundi na mtu wa TEHAMA pamoja. Fungueni kila kabati. Andikeni aina ya kidhibiti, toleo la programu yake, nani alikifunga, kimeunganishwa na nini, na kama kuna modemu, laini ni ya namba gani na analipa nani. Mtakuta vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka. Mbele ya kila kifaa liandikwe jina la mtu mmoja anayewajibika nacho. Liwe jina la mtu, maana jina la idara haliamki usiku kengele ikilia.

Badilisheni kila neno la siri la kiwandani. Zimeni huduma msizozitumia. Ondoeni kwenye kompyuta ya kuendeshea mitambo zile programu za kuingilia kutoka mbali zilizowekwa siku moja kwa haraka na kusahauliwa. Kompyuta hiyo isitumike kutazama mpira wala kufungua barua pepe, na flashi ya mtu isichomekwe humo. Tunajua zamu ya usiku ni ndefu. Kama mwajiri hataki kompyuta ya mitambo itumike kwa burudani, awape vijana wa zamu kompyuta nyingine.

Kisha kuna nakala ya programu ya PLC yenyewe. Katika sehemu nyingi nakala pekee imo kwenye laptopu ya mkandarasi. Laptopu ikiibwa, au mkandarasi akiacha biashara, kituo kinabaki na kifaa ambacho hakuna awezaye kukirudishia akili yake. Dai nakala, ihifadhi nje ya mtandao, na kila programu inapobadilishwa ihifadhi upya.

Na mtu anapoondoka kazini, ruhusa zake ziondoke naye siku hiyohiyo. Mwaka 2000, huko Maroochy, Queensland, Australia, mtu aliyekuwa amefanya kazi kwenye kampuni iliyofunga mitambo ya majitaka alinyimwa ajira na halmashauri. Akiwa na laptopu na redio, aliamuru pampu kwa wiki kadhaa. Lita zipatazo 800,000 za majitaka zilimwagika kwenye bustani, mito na viwanja vya hoteli. Kwa muda mrefu waendeshaji walidhani ni hitilafu ya vifaa.

Kabla ya kusaini mkataba

Afisa manunuzi ana nguvu kuliko anavyodhani, kwa sababu swali linaloulizwa kabla ya malipo hujibiwa. Muulize mzabuni: masahihisho ya programu yatatolewa kwa miaka mingapi? Maneno yote ya siri tutakabidhiwa? Utaingiaje kutoka mbali, na sisi tutaufungaje mlango huo tukitaka? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba.

Siku skrini itakapobadilika

Tarehe 23 Desemba 2015, katika kituo cha kuongozea umeme magharibi mwa Ukraine, wafanyakazi walitazama mshale wa kipanya ukisogea wenyewe kwenye skrini na kufungua swichi moja baada ya nyingine. Wateja wapatao 225,000 wa kampuni tatu waliachwa gizani, tena majira ya baridi. Umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi waliingia kwenye magari, wakaenda hadi vituoni na kufunga swichi kwa mikono yao. Walijua vilipo, na swichi zilikuwa bado zinafanya kazi kwa mkono.

Jiulize kama kituo chako kingeweza hivyo. Gurudumu la vali kubwa linazunguka, au limeshika kutu? Kijana aliyeajiriwa mwaka jana amewahi kuwasha pampu bila skrini? Mara moja kila mwezi, endesheni kituo kwa mkono kwa saa moja, na kila zamu ipate zamu yake.

Ukiona skrini ina ujumbe usioujua, au pampu zinafuata amri usiyoitoa, kwanza linda watu na mtambo: hamia kwenye uendeshaji wa mkono. Chomoa waya wa mtandao au modemu. Usizime kompyuta wala kufuta chochote, kwa sababu alama za mvamizi zimo humo. Piga picha ya skrini, andika saa. Mpigie msimamizi, naye atoe taarifa kwa timu ya taifa ya dharura za kompyuta: Tanzania ni TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, Kenya ni KE-CIRT/CC iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Usimfiche bosi kwa kuogopa lawama, nawe bosi usimwadhibu aliyetoa taarifa mapema.

Wavamizi waliokata umeme ule wa Ukraine walizifurisha pia simu za huduma kwa wateja kwa simu za uongo, hata wenye shida ya kweli wakashindwa kupita. Kwa hiyo namba zote muhimu ziandikwe kwa kalamu kwenye karatasi na kubandikwa ukutani kando ya kabati: ya msimamizi, ya mkandarasi, ya TEHAMA, ya timu ya taifa, na ya yule fundi mstaafu anayejua vali ya mkono ya kila bomba ilipo.