Kabla Hujainua Gari, Lala Chini Yake

Ndugu yangu wa Habaswein! Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimekaa wima. Unasema umeuza mbuzi kumi na wawili, na pesa hiyo unataka iinue Hilux yako inchi nne na kuitia matairi makubwa, ipendeze kama ya yule rafiki yako wa Wajir. Kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo akiwa tayari mlangoni, unaniuliza: "Abaayo, steringi inacheza kidogo. Gari likiinuliwa si itatulia?"

Haitatulia, itazidi. Swali hilo ulilolitupa mkiani ndilo lililotakiwa kuwa la kwanza. Na kwa kuwa najua hamko wawili au watatu wenye hamu hiyo kuanzia Modogashe hadi Mandera, naomba wengine nao wasogee wasikilize.

Nianze kwa kusema mimi si fundi. Mimi ni mwanamke wa Garissa niliyepeleka mbuzi soko la Jumatano kwa pikapu miaka mingi, na nimelala chini ya gari kwenye kivuli cha mgunga mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ninayokwambia nimeyalipia.

Kwanza hiyo inchi nne. Unaitaka ya nini? Umeandika kwamba mvua ikinyesha, Ewaso Nyiro ikajaa na maji yakasambaa upande wa Lorian, gari linakalia tumbo kwenye tope. Sawa, hiyo ni sababu ya haki. Lakini chungulia nyuma ya gari lako. Lile bonge la chuma katikati ya ekseli, difu, limebebwa na matairi. Springi ziko juu yake. Ukiweka springi ndefu unainua bodi, chesisi na tangi la mafuta, na difu inabaki palepale ilipokuwa, ikilima tope kama jana. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu: tairi lililozidi inchi mbili kwa kimo linaiongezea difu inchi moja. Ndiyo maana Land Cruiser pikapu unazoziona zimebeba dunia nzima kule kwenu zinatembea tu kwenye tairi zile nyembamba ndefu za 7.50 rimu 16, na zinafika. Yule rafiki yako wa Wajir, muulize amekwama mara ngapi tangu ainue. Akikujibu kwa kicheko, umepata jibu.

Sasa tupige hesabu. Umesema unabeba mitungi ya maji hamsini. Mtungi wa lita ishirini ni kilo ishirini za maji matupu, kwa hiyo hamsini ni tani moja kamili, kabla hujapanda wewe, taniboi, na yule mzee ambaye huwezi kumwacha njiani. Siku ya mifugo ukipakia mbuzi ishirini wa kilo thelathini na tano, hizo ni kilo mia saba, na ni mzigo unaohama upande mmoja kila ukikata kona. Gari lako linainama nyuma, pua iko juu, na magurudumu ya mbele, yale yanayoshika njia, yamepungukiwa uzito. Wewe unaona gari fupi. Mimi naona springi za nyuma zilizochoka.

Kwa hiyo ukienda dukani, iwe Garissa au Kirinyaga Road kule Nairobi, usiulize springi ya inchi ngapi. Uliza springi ya kilo ngapi. Watengenezaji wa vifaa vya magari ya porini, Old Man Emu wa Australia wakiwa mmoja wao, huuza springi za gari lilelile kwa madaraja: ya gari linalotembea tupu, ya gari lenye mzigo wa kiasi kila siku, na ya gari lisiloshusha mzigo. Mwambie muuzaji ukweli wa mzigo wako. Ukijisifu ukachukua nzito kuliko biashara yako, siku ukirudi tupu mkia utaruka kwenye barabara ya mawimbi mpaka gari litembee kiupandeupande.

Springi ya kufaa, pamoja na shoki zilizotengenezwa kwa ajili yake, itakupa kimo cha inchi moja na nusu hadi mbili bila kukitafuta. Simama hapo. Na shoki usinunue za bei ya kutupa. Zile nyembamba, ukizipiga mawimbi saa nzima kwa joto la kwenu, mafuta yake yanachemka na zinaacha kazi. Njia ya kuzipima ni rahisi: ukitoka kwenye barabara mbaya, shuka ushike zote nne kwa tahadhari. Zinatakiwa ziwe moto. Iliyo baridi kuliko wenzake imekufa, imening'inia tu kama pambo.

Nije kwenye steringi, maana ndiyo iliyonitoa usingizini.

Niliwahi kuwa na Land Cruiser pikapu, ile ya koili mbele. Hizo Toyota ilianza kuziweka koili mbele mwaka 1999, za kabla ya hapo zilikuwa na springi za vipande pande zote. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, jina namwachia Mungu, akaiinua inchi nne kwa siku moja. Nilitoka pale nimevimba kichwa, watoto wa Garissa wakinipungia mkono. Kilomita za mwanzo kuelekea Modogashe nikaona ajabu: usukani hautaki kurudi wenyewe baada ya kona, kila dakika nausahihisha kama namwongoza punda mbishi. Nikajisemea nitazoea. Nikiwa karibu kilomita themanini kwa saa, gurudumu la kushoto likagonga ukingo wa kalivati. Gari zima likaanza kutetemeka. Si kule kutikisika kwa barabara mbovu, hapana. Usukani ulikuwa ukipigapiga kushoto na kulia haraka kuliko mikono yangu inavyoweza kuushika, tasbihi ya kwenye kioo ikakatika shanga zikamwagika kwenye dashibodi, chupa ya chai ikaruka, mbuzi nyuma wanalia. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikaliacha lipungue mwendo lenyewe, tukaishia mchangani. Alhamdulillahi hapakuwa na gari lililokuwa likija.

Mzee mmoja fundi alikuja kutoka mjini, akalala chini hata jamvi hakutandika. Akaniita nami nilale chini upande wa pili, nione. Kuna chuma kirefu kinachotoka kwenye chesisi upande mmoja hadi ekseli upande wa pili, kazi yake ni kuizuia ekseli isiende kando. Kwa mafundi ni panhadi. Akakishika, akamwambia taniboi achezeshe usukani. Ile bolti ikawa inatembea ndani ya tundu lake. Tundu lilikuwa duara lilipotoka kiwandani, sasa lilikuwa na umbo la yai. Gari lilikuwa na ugonjwa huo kabla halijainuliwa, na kuinua kukauzidisha, kwa sababu ukinyanyua bodi chuma kile kinakaa kwa mteremko na kuivuta ekseli nzima pembeni.

Lakini kuna la pili alilonieleza, na hili sikulielewa mpaka aliponionyesha bodaboda iliyosimama kando. Tazama uma wa mbele wa pikipiki, akasema. Umelala nyuma kidogo, haukusimama wima. Kulala huko ndiko kunakoifanya pikipiki ishike njia hata ukiachia mikono. Gari nalo lina mlalo huo, unaitwa kasta. Kwenye Land Cruiser ya koili, kila inchi unayoinua inakula karibu digrii moja ya mlalo, na gari limetoka kiwandani na digrii chache tu. Inchi nne zimekula zote. Ndiyo maana usukani haukuwa ukirudi wenyewe. Tiba ipo: bushi maalumu zenye tundu lisilo katikati, au vishikizo vinavyorudisha ekseli kwenye mlalo wake, na panhadi inayorekebishika urefu. Fundi wangu wa kwanza hakuweka hata kimoja. Aliweka urefu, akachukua pesa.

Wewe una Hilux, na kama ni hizi za Vigo kuja huku, mbele haina ekseli nzima. Kila gurudumu lina mikono yake miwili, boljointi zake, na springi ya koili imeizunguka shoki. Ukiipandisha inchi nne kwa kuweka vipande vya chuma juu ya springi, shafti za kuzungusha magurudumu zinakaa kwa pembe kali, buti za mpira zinapasuka, boljointi inafika mwisho wa mwendo wake na kuanza kujivunjavunja. Na wewe unakaa mji ambao jina lenyewe kwa Kisomali ni vumbi jingi! Buti ikichanika asubuhi Habaswein, jioni grisi imeshakuwa msasa. Hilux za zamani kidogo zenye fimbo za kujisokota mbele ndizo zinazowadanganya watu zaidi, maana unakaza bolti mbili tu gari linapanda bure. Linapanda kweli, na gurudumu linakosa nafasi ya kushuka shimoni, kwa hiyo kila shimo linagonga chuma kwa chuma.

Basi kesho asubuhi kabla jua halijakali, fanya hivi. Washa injini, gari likiwa chini limesimama tupu, gia huru, breki ya mkono imevutwa, na mawe nyuma na mbele ya matairi. Taniboi achezeshe usukani kidogo, kushoto, kulia. Wewe lala chini, weka vidole kwenye kila kiungo cha tairodi. Kiungo kizima kinasogea pamoja na mwenzake. Kilichoisha utakihisi kinabisha kwenye vidole kabla macho hayajaona. Kisha zima injini, inua gurudumu kwa jeki, tia stendi au gogo imara, usiiamini jeki peke yake. Shika tairi ubavuni kushoto na kulia, litikise: likicheza, tatizo ni tairodi au boksi (au raki) ya steringi. Shika juu na chini: likicheza, ni boljointi au beringi. Pesa za mbuzi wanne wa kwanza ziende hapo, bila mjadala.

Watakushauri uweke tu ile shoki ya steringi, mtikisiko utaisha. Utanyamaza, ndiyo. Hiyo shoki inaficha ugonjwa kama panado inavyoficha malaria. Wengine, kwa gari lenye boksi ya steringi, watakwambia ikazwe ile skrubu yake ya juu. Robo ya mzunguko kwa mkono wa anayejua, labda. Zaidi ya hapo inaanza kujila yenyewe. Na yeyote atakayetaka kuchomelea kipande chochote cha steringi, tairodi, mkono au kishikizo chake, chukua funguo zako uondoke, hata kama ni shemeji. Vivyo hivyo anayepasha springi moto ili aikunje upya: chuma kile kimepikwa kiwandani, akikichoma kimekuwa cha jembe. Vibao vya kuinulia chini ya springi za nyuma vina mjadala. Mbele, kwenye zile Land Cruiser za zamani, visiwekwe kabisa.

Jambo moja mafundi wengi husahau. Pikapu nyingi zina vali ya breki karibu na ekseli ya nyuma, yenye kijimkono cha chuma kinachopima mzigo. Ukiinua nyuma, kijimkono kinadhani gari liko tupu na kinapunguza breki za nyuma, huku juu una tani moja ya maji. Kirekebishwe siku hiyohiyo, mipira ya breki iangaliwe isivutike, na taa za mbele zishushwe, usije ukawapofusha wenzako. Alainimenti pia. Na kwa kuwa gari lako ni la biashara na linapelekwa ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kila mwaka, mwambie mkaguzi na kampuni yako ya bima ulichobadilisha, siku ya ajali wasije wakakuruka.

Unaona magari ya Rhino Charge yamenyanyuka kama wanyama wa hadithi, unayatamani. Mashindano yale yapo tangu 1989, yalianza kwa kuchangia uzio wa Aberdare, na ni mazuri. Lakini gari lile linakwenda polepole porini siku moja, na kurudi nyumbani wengi hulipandisha juu ya lori. Wewe hutapandishwa na mtu. Tena lami sasa inakuja kwenu, ile ya Isiolo, Modogashe, Habaswein, Wajir hadi Mandera, zaidi ya kilomita mia saba, sehemu yake kwa fedha za Benki ya Dunia. Sisi tuliozoea kutambaa kwenye mchanga kwa arobaini tunakimbia mia na kumi kwa springi na steringi zilezile. Usiku ngamia anasimama katikati ya barabara, rangi yake na ya vumbi ni moja. Utamkwepa na gari refu, lenye mbuzi juu na tairodi iliyolegea?

Uamuzi wangu basi: viungo vya steringi kwanza, springi za nyuma za mzigo wako na shoki nne nzuri, mbele inchi mbili na isizidi, matairi ya kimo cha kiwandani au yaliyozidi kidogo. Ikibaki pesa, nunua mbuzi wawili uwarudishe zizini. Na zile yubolti za springi zisirudiwe za zamani, ziwe mpya. Ukishaenda Garissa ukarudi Habaswein mara moja, kabla hujapakia tena, zikaze upya.