Je, mwenye baiskeli naye avae kofia ngumu?

Swali: Mimi ni mwalimu. Kila asubuhi natoka Nyangwe kwa baiskeli kwenda shule ya kijiji jirani. Barabara ni ya udongo, na pikipiki hupita mbio. Wenzangu husema kofia ngumu ni ya pikipiki tu. Je, nivae?

Jibu: Ndiyo, mwalimu, vaa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walijumlisha tafiti 40 zenye majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000. Kwa waliovaa kofia, uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ulipungua kwa takriban asilimia 69.

Povu gumu lililo ndani hubonyea kofia inapogonga ardhi, na hivyo hupunguza nguvu inayofika kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo, kofia iliyokwisha kugonga kwa nguvu ibadilishwe, hata kama kwa nje inaonekana nzima. Ukinunua ya mtumba, kagua nyufa. Ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe kidevuni. Ya pikipiki ni nzito na ina joto mno kwa anayekanyaga pedali. Tafuta ya baiskeli.

Lakini kofia haizuii ajali. Punguza mwendo kwenye mteremko wenye matope, na uzipishe pikipiki mapema. Fedha zikiwa chache, tengeneza breki kwanza, kisha nunua kofia. Wanafunzi wanakutazama, mwalimu: vaa, na uwaeleze sababu.