Vifaa vya Elektroniki vya Kijeshi na Faida ya Viungo vya Wazi

Ndege ya mwisho ya kivita ya aina ya B-52 ilitoka kiwandani nchini Marekani mwaka 1962, na ndege za aina hiyo zingali zinaruka hadi leo. Kompyuta za mwaka huo, kwa upande wake, zimekwisha kuwa vitu vya makumbusho. Hapo ndipo ulipo ugumu unaowakabili wahandisi wa elektroniki za kijeshi. Chombo chenyewe, yaani ndege, meli au kifaru, hujengwa kitumike kwa miaka 30 au zaidi. Vipande vya silikoni vinavyokiongoza hupitwa na wakati katika miaka michache. Kiwanda kikiacha kutengeneza kipande fulani, jeshi huweza kubaki na chombo kizima kisicho na vipuri. Katika makala haya tutaeleza njia moja ya kuukabili ugumu huo, nayo ni usanifu wa moduli zenye viungo vya wazi.

Moduli ni sehemu iliyokamilika, yenye kazi yake, ambayo huweza kuchomolewa na nyingine ikapachikwa mahali pake bila kuuvuruga mfumo mzima. Lakini kuchomoka peke yake hakutoshi. Tuchukue mfano wa betri ya tochi. Urefu wake, unene wake, volti zake 1.5 na upande wa chanya ni mambo yaliyokubaliwa na kuandikwa hadharani. Kwa sababu hiyo tochi ya kiwanda kimoja hupokea betri ya kiwanda kingine. Lau kila kiwanda kingekuwa na betri ya umbo lake na kuvificha vipimo vyake, mwenye tochi angekuwa mfungwa wa muuzaji mmoja.

Hapa wanafunzi wengi hukosea, wakidhani kwamba mfumo wa wazi ni mfumo usio na siri. Neno “wazi” lahusu mapatano ya kiungo tu. Rada huweza kufuata kanuni zinazojulikana na wote za kupokea umeme na kupeleka habari, huku njia inayotumia kumtambua adui ikibaki siri kabisa.

Mfano wa zamani unaofaa kufundishiwa ni ule wa nyaya za ndani ya ndege. Hapo awali vifaa viwili vilivyohitaji kupeana habari viliunganishwa kwa nyaya zao wenyewe. Vifaa 10, kama vyote vyahitaji kuwasiliana, hudai viungo 45. Na kila kifaa kipya huongeza mzigo wa shaba na kazi ya kuipasua ndege upya. Mwaka 1973 Marekani ilitangaza kiwango kiitwacho MIL-STD-1553, na toleo lake la B likafuata mwaka 1978. Ndege ya F-16 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukitumia.

Katika kiwango hicho vifaa vyote huning’inia kwenye jozi moja ya nyaya zilizosokotwa, na kwa kawaida huwekwa jozi ya pili ya akiba. Kifaa kimoja ni msimamizi. Vingine havisemi mpaka viitwe. Habari hupita kwa kasi ya biti 1,000,000 kwa sekunde, katika maneno yenye urefu wa biti 20: nafasi 3 za kuashiria mwanzo, biti 16 za habari, na biti 1 ya kukagua makosa. Neno la amri hugawa biti zake 16 hivi: 5 ni anwani ya kifaa, 1 husema kama kifaa kipokee au kitume, 5 hutaja sehemu ya ndani ya kifaa, na 5 hutaja idadi ya maneno yatakayofuata. Biti 5 hutoa anwani 32. Moja imetengwa kwa matangazo ya wote, hivyo hubaki vituo 31.

Kuna jambo la fizikia hapa ambalo mwalimu asilipite. Kila biti huandikwa kwa kubadilisha mwelekeo wa volti katikati ya muda wake. Kwa kuwa volti hubadilika daima, ishara huweza kupita katika transfoma, ambayo, kama tujuavyo, haipitishi mkondo usiobadilika. Basi kifaa huunganishwa na njia ya pamoja kwa transfoma na vizuizi vya umeme, na kifaa kimoja kikiungua, vingine huendelea kuzungumza.

Mfano wa pili watoka baharini. Katikati ya miaka ya 1990 jeshi la majini la Marekani liliona kwamba nyambizi za Urusi zimekuwa kimya mno, na ule uwezo wa kuzisikia kwanza ulikuwa unapotea. Fedha nazo zilikuwa zimepungua baada ya Vita Baridi kwisha. Kompyuta za sona zilikuwa za kijeshi tupu, ghali na zenye kuchukua miaka mingi kubadilishwa. Wahandisi hawakuanza kwa kutengeneza masikio mapya. Waliviacha vipokea sauti vilivyokuwapo, kwa kuanzia vile vya kamba ndefu inayoburutwa nyuma ya nyambizi, wakabadilisha kompyuta za kuchambua sauti kwa zile za kawaida za sokoni. Kati ya programu na mashine waliweka tabaka la programu la kupitisha habari, ili kompyuta ikibadilishwa programu isiandikwe upya. Mpango wa awali ulikuwa kuleta programu mpya kila mwaka na kompyuta mpya kila miaka 2. Aidha, wataalamu wa nje ya kiwanda kikuu waliweza kuleta njia zao za uchambuzi zikapimwa kwa sauti halisi zilizorekodiwa baharini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, hata kuliko kupungua kwa gharama.

Sheria ya Marekani iliyotiwa saini mwaka 2016 iliamuru kwamba miradi mikuu ya silaha itakayoidhinishwa baada ya tarehe 1 Januari 2019 ibuniwe kwa njia hii kadiri iwezekanavyo.

Hata hivyo njia hii ina gharama zake. Kila kiunganishi ni mahali pa kulegea, kupata kutu na kukusanya joto. Moduli mbili zinazotii kiwango kimoja huweza kukosa kuelewana, kwa hiyo majaribio hayaepukiki. MIL-STD-1553 yenyewe haina njia ya kumhakiki msimamizi. Anayefaulu kujiingiza katika nyaya huaminiwa. Tena kasi iliyokuwa nyingi mwaka 1973 haitoshi kupitisha picha za rada za leo, na kiwango kilichoenea sana huwa kigumu kukiacha.

Maswali kwa wanafunzi: Ndege ina vifaa 20. Ikiwa kila kifaa kitaunganishwa na kila kingine, vitahitajika viungo vingapi, na katika njia ya pamoja vingapi? Neno moja la biti 20 huchukua muda gani kupita? Je, biti 1 ya kukagua itagundua kosa iwapo biti 2 zimegeuka kwa pamoja?