Finjani ya Bibi na Mtoto Aliyewahi Kuja

Jumatano iliyopita, nilipompeleka mwanangu kuchanjwa surua ya miezi tisa, mama mmoja tuliyeketi naye benchi moja alimtazama, akamtazama na wake aliyekuwa akitambaa hadi mlangoni, kisha akaniuliza, kwa sauti ya kuwasikizisha wengine, kama wangu hana kasoro. Jawabu nilikuwa nalo tayari: mwanangu alizaliwa wiki ya 35, si ya 40, basi katika kukaa, kutambaa na kutamka mpunguzie wiki tano kwanza ndipo umhukumu, ila chanjo haipunguziwi hata siku moja. Mwenzangu akanyamaza. Furaha ya kunyamazisha mtu ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika, nami nimeazimia kueleza mambo matatu.

La kwanza ni kutohadaika na umbo. Mtoto wa wiki 34 hadi 36 aghalabu hutoka mzima wa sura, kucha zimo, sauti imo, na wangu alikuwa na kilo mbili na robo. Ndipo zahanati moja ya kulipia, ambayo jina lake nalisitiri kwa heshima isiyoistahili, ikaturudisha nyumbani kwetu Majengo siku ya pili kwa kauli kuwa amekamilika. Majirani wakamsifu: mtoto mwema, halii. Nikimpa ziwa alifyonza mara tatu akasinzia, nami kwa ujinga wangu nikadhani ameshiba. Siku ya tano bibi yangu, mzaliwa wa Mombasa, alimfungua leso mbele ya dirisha, akamkazia macho, akasema, "Mjukuu wangu, huku si kulala, huku ni kuchoka. Na mbona tumbo limekuwa manjano?" Tukalazwa hospitalini siku mbili, mtoto chini ya taa ya buluu, lile jua la asubuhi nililousiwa na majirani halikumfaa kitu ila kumtia baridi, na anayeijua Julai ya Nairobi hahitaji sharhi.

La pili ni finjani. Nesi alinifundisha kumnywesha kwa kikombe, ziwa kwanza na kikombe baadaye, maana mtoto wa namna hii huchoka kabla ya kushiba. Nilikwenda soko la Gikomba kutafuta kikombe kidogo, na muuzaji mmoja akanishikiza chupa ya chuchu, akiapa kuwa watoto wa mabalozi hawanyonyei nyingine. Nikainunua, Mungu anisamehe, na usiku ule mwanangu akapaliwa mara mbili, kwani maziwa yalimjia kwa kasi asiyoiweza. Bibi, bila kusema neno, akafungua kabati akatoa finjani yake ya kahawa, isiyo na mkono, ukingo wake laini, tukaichemsha.

Kwanza umwamshe: umvue abaki na nepi na kofia, umweke kifuani ngozi kwa ngozi chini ya leso mbili, umsugue nyayo. (Ngozi kwa ngozi ni maarifa ya madaktari wa Bogotá, Kolombia, waliyoyaanza mwaka 1978 kwa uhaba wa mashine za joto, Majengo uhaba huo tunaujua.) Halafu umkalishe wima mapajani, mikono imefungwa ndani asije akaipiga finjani, maziwa uliyoyakamua yafike nusu, ukingo uegemee mdomo wa chini, uinamishe hadi maziwa yaguse mdomo tu, kisha, na hapa ndipo penye siri yote, usimimine. Ngoja. Atatoa ulimi arambe kama paka mchanga. Akisita usiinamishe zaidi wala usiondoe, mwache apumue, atarudia mwenyewe. Mara ya kwanza ilinichukua nusu saa, na robo ya maziwa ikaishia kidevuni, nikalia kwa kila tone, kwa kuwa kukamua si mchezo. Kila saa tatu, usiku na mchana, simu ililia, mume wangu akachemsha finjani, mimi nikamvua mtoto, naye akinuna kama mzee aliyekatiziwa usingizi wa adhuhuri.

La tatu ni matone ya madini ya chuma: muulize daktari, kwa sababu watoto hawa huzaliwa kabla ya kujiwekea akiba ya kutosha. Na akikataa kunywa mara mbili mfululizo, au nyayo zikiwa baridi, usisome makala, nenda hospitali.

Mwezi wa Septemba alianza kunyonya mwenyewe hadi akashiba. Bibi aliichukua finjani, akaichemsha mara moja zaidi, akajimiminia kahawa, akalalamika kuwa inanuka maziwa.