KLABU NA FEDHA ZA VYAMA VYA SIASA
(Somo la Uraia)

Kura ya raia ni siri, lakini fedha za siasa hazifai kuwa siri. Kwa nini iwe hivyo? Kila mwenye haki ya kupiga kura ana kura moja tu, awe tajiri au maskini. Bali mwenye mali aweza kukipa chama fedha nyingi, kisha akatazamia kusikilizwa kuliko wenzake. Wazee walisema, mkono mtupu haulambwi. Basi yafaa raia waujue mkono uliojaa ni wa nani.

Leo tutatazama jinsi jambo hili lilivyotengenezwa katika Uingereza, hasa kwa upande wa klabu. Nchi hiyo ina desturi ya zamani ya klabu. Umoja wa klabu za wafanyakazi ulianzishwa mwaka 1862 na kasisi Henry Solly, na umoja wa klabu za wafuasi wa chama cha Conservative ulianzishwa mwaka 1894. Watu hukutana humo kula, kunywa, kucheza na kuzungumza. Klabu nyingine si kampuni wala hazikuandikishwa serikalini. Zina kanuni zao, kamati na mtunza fedha tu. Hata hivyo klabu ya namna hiyo yaweza kukichangia chama cha siasa kwa jina lake yenyewe.

Sheria ya mwaka 2000

Mwaka 1998 kamati iliyoongozwa na Lord Neill ilitoa taarifa juu ya fedha za vyama. Kutokana na taarifa hiyo Bunge lilitunga sheria mwaka 2000, na Tume ya Uchaguzi ikaundwa. Sheria ilisema kwamba mchango unaozidi pauni 200 upokewe tu kutoka kwa mtu au kikundi kinachoruhusiwa: kwa mfano, mtu aliyemo katika daftari la wapiga kura, kampuni ya nchini, chama cha wafanyakazi, au klabu yenye makao makuu na shughuli zake nchini. Chama kikipokea mchango usioruhusiwa, sharti kiurudishe katika siku 30. Na michango mikubwa huandikwa, ikatangazwa ili kila mtu aione.

Sheria ya mwaka 2009

Lakini palibaki mlango wazi. Daftari lilionyesha jina la klabu, si majina ya watu walioijaza klabu hiyo fedha. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 2009 iliagiza kwamba klabu ikitoa zaidi ya pauni 25,000 kwa siasa katika mwaka mmoja, iiarifu Tume, na iitaje zawadi yo yote iliyopokea inayozidi pauni 7,500. Mwaka 2024 viwango hivyo vilipandishwa kuwa pauni 37,270 na pauni 11,180.

Tufanye hesabu

Tuseme klabu ina wanachama 100, na kila mmoja hulipa ada ya pauni 20. Jumla ni pauni 2,000. Mtu mmoja aipa klabu pauni 28,000, bila sharti lo lote. Kisha kamati yakipa chama pauni 30,000. Kwa viwango vya mwaka 2024, chama kitatangaza kwamba kimepokea pauni 30,000 kutoka kwa klabu. Klabu nayo haikufikia pauni 37,270, kwa hiyo haina wajibu wa kuiarifu Tume. Jina la yule mtu halitaonekana po pote, wala hakuna aliyevunja sheria. Lakini kama alitoa fedha hizo kwa sharti zifikishwe kwa chama, hapo klabu ni tarishi tu, na jina lake lazima litajwe.

Pande mbili za shauri

Wako wasemao kwamba watu wana haki ya kuungana, na kwamba klabu ndogo yenye mtunza fedha asiyelipwa mshahara haifai kulemezwa na makaratasi. Neno hilo lina haki. Wengine hujibu kwamba sheria ya mwaka 2009 haikuilazimu klabu kuhakikisha kuwa aliyeipa fedha ni mtu anayeruhusiwa kukichangia chama moja kwa moja. Mwaka 2021 kamati ya maadili ya utumishi wa umma, chini ya Lord Evans, ilipendekeza mlango huo ufungwe.

Sisi twaona kwamba pande hizi zaweza kupatana. Ada ndogo ya mwanachama na iachwe kwa amani. Bali zawadi kubwa na iwe na jina la mwenyewe. Anayetoa kwa nia njema hapotezi kitu kwa kujulikana.

Maswali

1. Kwa nini kura huwa siri, na mchango mkubwa hutangazwa?
2. Katika hesabu yetu, kama klabu ingalitoa pauni 40,000, ingalipaswa kufanya nini?
3. Eleza tofauti kati ya zawadi kwa klabu na fedha zilizopitishwa tu katika klabu.
4. Jadilianeni darasani: Je, klabu ndogo na kubwa zifuate kanuni moja?